Huyo Ni Panzi, Mwanangu: Dhidi ya Adui Asiye na Sababu

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani Bariadi kwa mapumziko. Alasiri moja alinijia kijana mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa chuo kikuu, mzaliwa wa mkoa huu huu wa Simiyu. Aliniamkia, akaketi, akatoa kwenye mkoba kurasa kumi na nne zilizochapwa vizuri. Yeye na wenzake wawili, mmoja fundi wa programu na mwingine mchoraji, wanatengeneza gemu ya kifantasia inayotokea katika Usukuma ya kale. Shujaa wao ni Masala Kulangwa, yule kijana wa ngano ambayo kila mtoto wa huku ameisikia. Nilifurahi kwa dhati. Kwa miaka mingi nimewaambia wanafunzi wangu kwamba hazina ya ngano zetu inaoza kwenye makabati, na leo kulikuwa na kijana aliyeifungua mwenyewe bila kusubiri ruzuku.

Kisha nikafika ukurasa wa tisa. Hapo alielezwa adui mkuu, yule anayepambana na shujaa mwishoni kabisa. Ni ajuza mwenye macho mekundu, anayeishi peke yake pembezoni mwa kijiji na kufuga fisi. Chini ya maelezo hayo palikuwa na nafasi ya kujaza sababu ya uovu wake. Kijana alikuwa ameandika neno moja tu: "Mchawi."

"Dokta, unaonaje, adui wetu anatisha?" aliniuliza.

Nilimwambia anatisha sana, na kwamba hapo ndipo penye tatizo. Nikamwahidi kumjibu kwa maandishi. Jibu ndilo hili, na nimeliweka hapa hadharani kwa sababu halimhusu yeye peke yake.

Dai langu ni hili: adui asiye na sababu ni utunzi mbovu, na katika sehemu hii ya nchi utunzi mbovu wa namna hiyo umekwisha kuua watu. Kwa hiyo ubora wa adui katika gemu ni suala la siasa na jamii sawasawa na bei ya pamba au mgawanyo wa zahanati. Najua baadhi ya wasomaji wangu, hasa watumishi wa umma wenzangu, watauliza kama mhadhiri amekosa la kuandika. Nawaomba wanivumilie.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tulikuwa na msamiati wa wahusika wawili tu: stelingi na adui. Stelingi alikuwa na mama, mchumba, rafiki aliyeuawa na kisasi cha haki. Adui hakuwa na mama. Alikuwa na kovu usoni, sigara kubwa mdomoni na kicheko. Hatukuuliza ametoka wapi, kwa kuwa tulilipa kiingilio ili tumwone akifa. Filamu hizo zilidumu saa mbili, tukarudi nyumbani kuchota maji.

Gemu za kuvaa uhusika ni jambo jingine kabisa. Mchezaji hupewa mtu wa kubuni, humchagulia jina, asili na silaha, kisha huishi ndani ya ulimwengu huo kwa saa hamsini, mia moja, au zaidi. Ni riwaya chache sana zinazokaa na kijana kwa muda wa namna hiyo. Na ndani ya saa hizo yeye si mtazamaji. Ndiye anayeamua nani aishi na nani afe. Ukitaka kujua kijana wa leo anafunzwa wapi namna ya kumtambua mtu mbaya, usitazame silabasi ya uraia peke yake.

Nami nasema kama mchezaji, maana nimezicheza gemu hizi tangu nikiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Chukua ile maarufu kuliko nyingi, Skyrim, iliyotolewa mwaka 2011 na kampuni ya Bethesda ya Marekani. Adui wake mkuu ni Alduin, joka jeusi lenye sifa ya Mla-Ulimwengu. Joka hilo linatokea mwanzoni kabisa, wakati shujaa amekwisha kuinamishwa akatwe kichwa, na tangu dakika hiyo hakuna swali lolote lililobaki. Kuna hata ukuta wa kale uliochongwa unabii wa kuja kwake. Kwa nini anataka kuumeza ulimwengu? Kwa sababu ni Mla-Ulimwengu. Jina ndilo sababu. Ni jibu lile lile la ukurasa wa tisa: kwa nini ni mwovu? Kwa sababu ni mchawi.

Ajabu ni kwamba ndani ya gemu hiyo hiyo, pembeni kidogo, amekaa mhusika mwingine ambaye angeweza kuibeba hadithi yote. Ni joka mzee aitwaye Paarthurnax. Zamani alimtumikia Alduin katika kuwakandamiza wanadamu, kisha akageuka na kuwafundisha wanadamu hao sauti ya kujikomboa. Sasa anaishi kileleni mwa mlima, akijizuia kila siku asirudie tabia yake ya kale. Kundi moja la wapiganaji wa majoka linamwamuru shujaa amuue kwa makosa ya enzi hizo. Gemu haikupi njia ya kuwashawishi wabadili msimamo. Ama umuue mzee aliyekufundisha, ama upoteze msaada wao. Nimewauliza vijana wengi waliocheza gemu hiyo. Ni nadra sana kumpata anayekumbuka Alduin alisema nini kabla ya kufa, lakini uamuzi walioufanya juu ya Paarthurnax wanaukumbuka na wengine bado wanabishana.

Hali ni hiyo hiyo katika The Witcher 3, kazi ya Wapolandi iliyotoka mwaka 2015. Mfalme wa kikosi cha mizimu anayewawinda mashujaa ana deraya ya kutisha na maneno machache yasiyokaa moyoni. Lakini yupo mtawala mmoja wa jimbo la Velen, mlevi aliyempiga mkewe hadi mimba ikaharibika, ambaye mchezaji anaanza kwa kumchukia, kisha anamsikiliza, kisha anashindwa kuamua amfanyeje. Hasamehewi, kwa kuwa hakuna anayekwambia kwamba kupiga mke ni jambo dogo. Unalazimika tu kuona jinsi ubaya ule ulivyotengenezwa: vita, pombe, wivu, aibu, kisha pombe tena.

Kwa nini basi maadui wakuu huwa hafifu kuliko hawa wa pembeni? Nadhani sababu kubwa iko kwenye ufundi wenyewe. Kitufe cha kupiga kinahitaji mwili wa kupigwa. Gemu inapofika mwisho lazima kuwe na kitu kikubwa chenye mstari wa uhai juu ya kichwa, unaopungua kila unapokipiga, mpaka uishe na dunia ipone. Watunzi wanaanza na mwili huo, kisha wanautafutia uovu wa kuujaza. Wa pembeni hawana mzigo huo, na ndiyo maana wanaruhusiwa kuwa watu.

Sasa turudi Usukumani, kwa sababu babu zetu walilitatua tatizo hili bila umeme.

Ngano ya Masala Kulangwa, kwa namna nilivyosimuliwa, inaanza na zimwi Shing'weng'we kumeza watu wote duniani pamoja na mifugo yao. Anabaki mwanamke mmoja tu mjamzito, aliyejificha kwenye rundo la makapi. Anajifungua mtoto wa kiume, anamwita Masala Kulangwa, jina lenye maana ya akili na wepesi wa kuelewa. Mtoto anakua, anauliza watu wengine wako wapi. Mama anamweleza. Kijana anachukua silaha, anaenda kulitafuta zimwi.

Siku ya kwanza anarudi akiimba kwa furaha kwamba amemuua Shing'weng'we. Mama anatazama. Huyo ni panzi, mwanangu, tumchome tule. Siku nyingine anarudi na ndege, akiimba wimbo ule ule. Mama anamwambia huyo ni ndege. Anarudi na paa. Huyo ni paa. Hivyo hivyo, mnyama baada ya mnyama, mpaka siku anapokutana na zimwi lenyewe na kuliua. Analipasua tumbo, watu na ng'ombe wanatoka wazima.

Wasimulizi wavivu huishia hapo. Ngano yenyewe haiishii hapo. Kijana anapopasua tumbo, kisu kinamkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa ndani. Bibi anakasirika, anataka kumdhuru kwa uchawi. Watu wanamlinda kijana, naye anatafuta dawa na kumtibu bibi sikio lake. Baada ya hayo ndipo anapotawazwa kuwa mtemi, na mama yake anapewa heshima yake.

Naomba msomaji aone mambo matatu.

La kwanza, nakiri kwamba Shing'weng'we mwenyewe hana sababu. Ni tumbo lenye miguu, sawa na Alduin. Lakini ngano haikuweka uzito wake hapo. Uzito uko kwenye kumtambua. Sehemu ndefu kuliko zote ni ile ya kijana kukosea, na anakosea kwa moyo safi, akiwa na silaha mkononi na wimbo wa ushindi mdomoni. Skyrim inamwambia mchezaji adui ni nani kabla hajajifunza kutembea. Ngano yetu inamwambia: utakosea mara nyingi, na kila ukikosea utakuwa na uhakika.

La pili, ni mama. Hapigani hata mara moja, lakini bila yeye kijana angeishi maisha yake yote akiamini kwamba panzi ndiye aliyekula dunia. Kazi yake ni kutazama kilicholetwa na kusema jina lake halisi.

La tatu, na hili ndilo linalonifanya niivulie kofia ngano hii, ni kwamba adui wa mwisho ametengenezwa na shujaa. Bibi yule alikuwa mateka kama wengine, hakuzaliwa mbaya. Aliumizwa na kisu cha mkombozi, siku ya ukombozi, na hasira yake ina sababu inayoonekana kwa macho: sikio linalotoka damu. Na shujaa hamuui. Anamtibu. Utemi anaupewa baada ya tiba, si baada ya upanga.

Kijana wangu, umeichukua ngano hii, ukamtoa Shing'weng'we, ukamtoa panzi, ukamtoa mama, ukabaki na bibi kizee. Kisha ukamfutia sikio lake lililokatwa na kumwachia uchawi peke yake. Ndiyo maana nikasema ni utunzi mbovu. Ulirithi adui mwenye sababu, ukamnyang'anya.

Sitaki mtu afikiri kwamba nadai maadui hawapo. Wapo. Historia ya pamba ya Kanda ya Ziwa inatosha kutuonyesha kwamba wapo, na kwamba ni vigumu kuwachora. Katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950 wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa walijua kabisa adui yao ni nani: mnunuzi mwenye mizani iliyochezewa. Hawakuwa wakibuni, wizi wa mizani ulikuwa wa kweli. Wakaweka wapimaji wao wenyewe, wakaungana chini ya viongozi kama Paul Bomani, na mwaka 1955 ukaundwa muungano wa vyama vya ushirika uliojulikana kwa kifupi kama VFCU. Ulikuwa ushindi wa kuimbiwa. Mkulima ameshika mizani yake mwenyewe.

Miaka 11 baadaye, mwaka 1966, tume ya Rais ilikuwa ikichunguza vyama vya ushirika nchini, ukiwemo ule wa kwetu. Malalamiko yalikuwa ya ubadhirifu, upendeleo wa ndugu katika ajira, na wakulima kupunjwa. Kupunjwa tena, safari hii na mizani yao wenyewe. Mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu vya ushirika na kuweka mamlaka za mazao, na haikupita hata miaka kumi kabla ya kuvirudisha. Je, adui wa mkulima wa pamba alikuwa nani? Mnunuzi wa kwanza? Karani wa ushirika? Ofisa wa mamlaka? Kila mmoja kwa wakati wake alikuwa na mwili wa kupigwa, na kila alipopigwa tuliimba. Mizani ilibaki palepale, bila mtu wa kuikagua kwa niaba ya mkulima.

Gemu iliyonikumbusha historia hiyo ni Dragon Age: Origins, iliyotengenezwa na BioWare ya Kanada mwaka 2009. Ndani yake kuna joka kuu ambalo lazima liuawe, na silikumbuki kwa lolote. Lakini yupo Loghain, jemadari aliyeipigania nchi yake dhidi ya wakoloni wa Orlais akiwa kijana na kuwa shujaa wa taifa. Sasa ni mzee, na katika vita vikubwa anaondoa jeshi lake uwanjani na kumwacha mfalme kijana auawe. Hana tamaa ya dhahabu. Ana hofu kwamba mfalme, kwa kuomba msaada nje, anawafungulia mlango wakoloni wale wale. Hofu hiyo inamfikisha mahali pa kuwauza raia wa nchi yake utumwani ili apate fedha za kuiokoa nchi hiyo hiyo. Unapomshinda, gemu inakuuliza: utamuua, au utampa nafasi ya kufia nchi aliyoisaliti? Ukimwacha hai, rafiki yako wa karibu anakuacha.

Huyo ndiye adui ninayemtaka. Mpigania uhuru aliyeendelea kumwona mkoloni kila mahali mpaka akawa yeye mzigo wa nchi si jitu la ajabu kwa msomaji wa Afrika. Tumemwona. Amewahi kutuhutubia uwanjani.

Sasa nije kwenye macho mekundu.

Takwimu zilizokusanywa na serikali kwa kipindi cha 1970 hadi 1984 zilionyesha kwamba zaidi ya watu 3,600 waliuawa Tanzania Bara katika matukio yaliyohusishwa na tuhuma za uchawi. Wengi wao walikuwa wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji hayo ilitokea Usukumani, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, ambayo ndiyo iliyomegwa mwaka 2012 kuizaa Simiyu. Kila mtu huku anajua alama iliyotumika: macho mekundu. Sheria dhidi ya uchawi ilikuwapo tangu 1928. Haikumlinda ajuza, kwa kuwa ilipoandikwa ilimhofia mchawi kuliko ilivyomwonea huruma anayeitwa mchawi.

Macho hayo yana historia, na historia hiyo ndiyo sehemu ambayo mtunzi mvivu haiandiki. Nyika ya Usukuma ilifyekwa katika karne iliyopita kwa sababu mbili kubwa: kuangamiza mbung'o na kupanua mashamba, ya pamba kwanza. Kuni zikaadimika, kiasi kwamba mwaka 1986 ilibidi uanzishwe mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, kurudisha miti na ngitili. Pasipo kuni watu hupikia samadi kavu ya ng'ombe na mabua ya pamba. Mwanamke anayepikia samadi kwa miaka hamsini, katika nyumba isiyo na dirisha la maana, atakuwa na macho mekundu. Sera ya kilimo ilimwingia machoni, kisha jirani akaisoma kama alama ya uchawi.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa na macho hayo. Nilikuwa na miaka minane. Katika msimu mmoja jirani yetu alifiwa na watoto wawili, wote kwa homa iliyopanda usiku na kumaliza kazi kabla ya asubuhi. Baada ya matanga maneno yakaanza. Kwanza watu waliacha kupita njia ya kwetu. Kisha mtu akamnong'oneza baba kwamba imekwisha kuamuliwa. Usiku ule baba alimpakia mama yake kwenye baiskeli, akamfunika shuka, akaondoka naye kupitia mashambani. Bibi aliishi miaka sita iliyobaki ya maisha yake mjini Mwanza, kwenye chumba cha kupanga chenye sakafu ya saruji, akiuliza kila anayetoka nyumbani kama mbuzi wake wamezaa. Sisi tulikuwa wenye bahati. Wapo ambao hawakunong'onezwa.

Nilikua nikimchukia jirani yule kama ninavyomchukia Alduin: bila kumuuliza chochote. Lakini ndiye aliyenifundisha kuwaongoza maksai, na mikono yake juu ya mikono yangu kwenye mpini wa plau naikumbuka mpaka leo. Alikuwa baba aliyezika watoto wawili kwa majuma matatu, mahali ambapo zahanati ilikuwa mwendo wa nusu siku, na mganga akampa jibu siku ile ile bila foleni. Alikuwa na silaha na wimbo mdomoni. Alikosa mtu wa kumtazama machoni na kumwambia: huyo ni panzi, ndugu yangu, aliyekula wanao ni mwingine. Simsamehe. Sababu si msamaha. Lakini bila kuijua sababu yake siwezi kumzuia jirani wa kesho, na kumzuia huyo ndiko kunakonihusu.

Dola nayo hutunga maadui, tena kwa bajeti kubwa kuliko kampuni yoyote ya gemu. Mwaka 1983 ilikuwa vita dhidi ya wahujumu uchumi. Walanguzi walikuwapo, sabuni na sukari zilifichwa kweli, na Waziri Mkuu Sokoine hakuwa mtu wa mzaha. Lakini maduka yalikuwa matupu kwa sababu nyingine pia: gharama za vita vya Kagera, bei ya mafuta, na viwanda vya umma visivyozalisha. Mlanguzi alikuwa na mwili wa kupigwa, sababu hizo nyingine hazikuwa nao. Tangu hapo tumeshuhudia majina mengine yakipanda jukwaani, wakati fulani mabeberu, wakati fulani vibaraka, na kila mara nafasi ya sababu imejazwa neno moja.

Ninachokithamini zaidi katika urithi wa Mwalimu Nyerere, nikiusoma kama mhakiki wa fasihi, ni maadui watatu aliowataja wakati wa uhuru: ujinga, maradhi na umaskini. Hawana sura. Huwezi kuwatambua kwa macho yao wala kuwachomea nyumba. Unaweza tu kuuliza wametokea wapi na wanalishwa na nini. Kama taifa changa lilithubutu kutunga maadui wa namna hiyo, vijana watatu wenye kompyuta hawana kisingizio.

Nazisikia pingamizi mbili. Ya kwanza: ni mchezo tu, watu wanataka kupumzika. Sawa, na mimi napumzika. Sijasema kila gemu iwe mhadhara, na zimwi la kupigwa lina utamu wake. Shing'weng'we mwenyewe tulimfurahia. Ninachokataa ni kulipa zimwi sura ya mtu anayeishi mwisho wa njia ya kijiji chetu. Joka halina bibi Bariadi. Ajuza anao wajukuu.

Ya pili ni kwamba kumweleza adui ni kumtetea. Hakimu anayeuliza nia ya mshtakiwa hamtetei. Daktari anayetafuta chanzo cha homa haitetei homa. Mwenye kuona maelezo kama utetezi, mara nyingi anaogopa maelezo hayo yatafika mpaka mlangoni kwake.

Na asiniambie mtu kwamba Waafrika hatuna uwezo wa kufanya vinginevyo. Mwaka 2016 kampuni ya Kiro'o Games ya Yaoundé, Kameruni, ilitoa gemu ya kifantasia iitwayo Aurion. Anayempindua shujaa, tena siku ya harusi na kutawazwa kwake, hatoki kuzimu. Ni shemeji yake, ndugu wa bibi harusi. Watunzi wale walielewa kwamba kwetu uovu mkubwa huingia kupitia mlango wa ukoo na huketi mezani na wageni wengine.

Kwa hiyo, kijana wangu, usiitupe kazi yako. Mrudishe Shing'weng'we, awe mkubwa na mbaya upendavyo. Mrudishe panzi: mruhusu mchezaji aue asiyestahili akiwa na uhakika kamili, na wimbo wa ushindi upigwe, kisha mama atazame na kusema alichokiona. Mbakishe ajuza, macho yake yawe mekundu, lakini mchezaji aingie jikoni kwake na skrini ijae moshi. Mrudishie sikio lake, likatwe na kisu cha mchezaji mwenyewe. Na pale mwisho, panapostahili kitufe cha kupiga, waombe wenzako waweke na kitufe cha kutibu. Ni kigumu zaidi kukiandikia programu, najua. Masala Kulangwa naye ilimbidi aende kutafuta dawa.

Nanyi wasomaji wangu mlioko maofisini, mnaoandika taarifa za matukio, hotuba za viongozi na mashauri ya wilaya: kila mnapofika mahali pa kujaza sababu ya uovu wa mtu, neno moja halitoshi. Mkilikuta limekwisha kujazwa na mwingine, ulizeni nani alikuwa na kisu.

Kurasa zako kumi na nne nimempa dereva wa basi la Mwanza azifikishe kwenu. Ule wa tisa nimeukunja pembe.